Ngoma Ndogo Haitaki Nguvu, Yataka Ngozi Iifaayo



Wahenga walisema ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Nilipokuwa bado nikifundisha shule ya msingi nilipenda kulitumia neno hilo kuwaonya watoto wenye majivuno. Sikudhani kwamba siku moja lingenirudia mwenyewe, tena kwa maana yake ya asili: ngoma halisi, ngozi halisi, na mpasuko uliosikiwa na watu wasiopungua arobaini. Leo, kwa idhini ya wahusika, nitawasimulia kisa hicho, kwa kuwa ndani yake mna fundisho la ngoma na fundisho la mfuko wa nyumba. Najua kwamba katika kota za askari na polisi wamo wazazi wengi wenye vijana wanaopiga katika bendi za makanisa, za shule na za vikosi. Kijana huiona ngoma isiyo na sauti kuwa ni aibu. Mzazi huiona kuwa ni gharama.

KISA CHENYEWE

Kazi yangu ya ustawi wa jamii hunipeleka mara mbili kwa mwezi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Makazi hayo ni miongoni mwa yale ya kale kabisa barani Afrika. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na katika miaka ya mwanzo wakazi wake walikuwa hasa watu wa kutoka Rwanda. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mtu akitaka kusikilizana na jirani yake sokoni, bombani au katika kwaya, Kiswahili ndicho kinachomfaa.

Humo kuna kikundi cha vijana wa kanisa moja chenye magitaa mawili, kinanda, na seti ya ngoma iliyonunuliwa Mbarara ikiwa imekwisha tumika. Ngoma zote za seti hiyo zilikuwa na sauti ya kuridhisha isipokuwa moja, nayo ndiyo iliyopaswa kuwa mama wa zote: ile ngoma ya chini inayopigwa kwa mguu, ambayo wapigaji huiita besi. Besi ya kikundi hiki ni ndogo. Upana wake ni inchi 18, yaani kama sentimita 46, ilhali bendi nyingi hutumia yenye inchi 22. Mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayebisha mlango wa bati usiku: ta! ta! ta! Hapakuwa na mvumo wala uzito, na waimbaji walipopaza sauti ilipotea kabisa.

Wakubwa wa kikundi wakaafikiana kununua besi mpya, kubwa. Fedha zitoke wapi? Kikundi kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Humo huwekwa michango ya kila juma ya kuuguzana na kuzikana. Ikapendekezwa kwamba sanduku lifunguliwe, besi inunuliwe, kisha fedha zirudishwe polepole kwa malipo ya kupiga katika harusi.

Mmoja wa wenye funguo ni mama wa Kikongo, mjane, ambaye pia ni mzazi wa kijana anayepiga ngoma hizo. Alinifuata nilipokuwa nikifunga faili zangu.

"Mwalimu," alisema, kwani huko bado huniita hivyo, "mimi sijui mambo ya ngoma. Lakini sanduku lile ni la mgonjwa na la maiti. Tukilifungua kwa ajili ya besi, siku ya dhiki tutafungua nini?"

Nikamwuliza kwa nini hakuyasema hayo mkutanoni.

"Nitasemaje? Wamekwisha sema kwamba mguu wa mwanangu ni mwepesi, ndiyo sababu ngoma hailii. Nikikataa wataniambia namtetea mtoto. Nikikubali, sanduku litabaki tupu. Na besi mpya ikikataa kulia nayo, watamwondoa."

Mkutano wa kukata shauri ulikuwa umewekwa baada ya majuma matatu. Nikamwambia mama yule anipe nafasi niitazame ngoma.

MAKOSA YANGU

Hapa ndipo majivuno yalipoingia. Chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu, nilipata kushika ngoma katika bendi ya wanafunzi, nami nikajiona mjuzi. Jumamosi hiyo, vijana wakiwa wamekusanyika kwa mazoezi pamoja na wazee wao, niliomba ufunguo wa skrubu nikatangaza kwamba ngoma imelegea na sasa nitaitengeneza.

Nikaikaza. Mlio ukapanda juu, ukawa mwembamba zaidi. Nikasema bado. Nikaikaza tena, raundi nzima kwa kila skrubu, huku nikieleza kwa sauti ya darasani umuhimu wa kukaza. Kijana akakanyaga pedali mara mbili, na mara ya tatu ngozi ikachanika ukingoni kwa urefu wa shubiri. Watoto waliokuwa dirishani wakacheka mpaka wakafukuzwa. Nikaahidi mbele ya wote kwamba ngozi mpya nitainunua mimi, kwa fedha yangu, nao wakaniitikia kwa adabu kubwa kuliko niliyostahili.

Makosa yangu, ndugu wasomaji, ndiyo wayafanyayo wengi. Tukiona kitu kidogo hakitoi sauti, hudhani kinahitaji kubanwa zaidi. Katika ngoma mambo ni kinyume. Uso uliokazwa hutoa mlio wa juu, na uliolegea hutoa mlio wa chini. Kadhalika uso mpana huelekea chini, na mwembamba wa upana huelekea juu. Basi ngoma ndogo imekwisha elekea juu kwa umbile lake. Ukiikaza, unaisukuma huko huko inakotaka kukimbilia.

USHAURI WA AFANDE

Nilirudi Mbarara nikiwa na ngozi iliyopasuka katika mfuko wa gunia. Katika mji huo, uliopandishwa daraja kuwa jiji mwaka 2020, anaishi mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bendi, ambaye kwa miaka mingi alibeba ngoma kubwa ya gwaride kifuani. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akichambua maharage na wajukuu.

"Afande, shikamoo."

"Marahaba. Gunia hilo lina nini?"

Nilipomwonyesha hakucheka. Aliikunja ngozi kidogo kwa vidole, akaitazama kwenye mwanga, kisha akaniuliza maswali matatu: ngoma ina upana gani, ndani yake mna nini, na ni nani anayeipiga.

Nikajibu kwamba ina inchi 18. Kwamba ndani wameshindilia blanketi zima ili kuondoa mwangwi. Kwamba uso wa mbele umekatwa tundu kubwa kwa kisu, karibu upana wa sufuria, na mwenyewe wa kwanza. Na kwamba mpigaji ni kijana wa miaka kumi na sita, mwembamba.

"Basi ngoma yenu ilikuwa na maradhi manne," akasema. "Uso wa nyuma ni mwembamba mno na mmeukaza mno. Uso wa mbele una jeraha linalotoa pumzi yote nje. Tumbo lake mmelijaza blanketi. Halafu mnamlaumu mtoto."

Akanieleza kwamba ngoma yenye nyuso mbili ni kama mtu anayevuta pumzi. Ukipiga uso mmoja, hewa iliyomo ndani ya mzinga husukumwa, nayo huusukuma uso wa pili, ambao hurudisha. Mvumo hutokana na mashauri hayo kati ya nyuso mbili. Ukikata tundu kubwa, hewa hutoroka kabla mashauri hayajakwisha. Ukijaza blanketi, hewa haina pa kupita. Katika besi kubwa hasara hiyo huvumilika, kwa kuwa hewa ni nyingi. Katika ndogo, kila pumzi ina thamani.

Nilimwuliza kama haitakuwa vyema kuwamba ngozi ya ng'ombe, maadam Ankole ni nchi ya ng'ombe.

"Ngozi ya ng'ombe ina sauti nzuri kuliko zote," akajibu. "Lakini itakuita kila asubuhi kama mtoto mchanga."

NGOZI YA MNYAMA NA NGOZI YA PLASTIKI

Yafaa hapa nieleze kidogo, maana wengi huitumia ngozi ya plastiki bila kujua ilikotoka. Ngoma zote za bendi hapo zamani ziliwambwa ngozi ya mnyama, hasa ya ndama. Ngozi hunyonya unyevu. Siku ya mvua hulegea na sauti huzama. Siku ya jua kali hukakamaa na sauti hupanda, na pengine hupasuka usiku bila kuguswa. Askari wa bendi waliokuwa wakipiga gwaride asubuhi yenye ukungu na adhuhuri yenye jua walilazimika kukaza na kulegeza kutwa nzima.

Hata hivyo ngozi hizo ndizo zilizosafiri na ngoma ya beni. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Mombasa na Lamu waliiga bendi za kijeshi za Wazungu, wakaanzisha mashindano ya beni, ambayo jina lake latokana na neno bendi. Katika Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, askari na wapagazi waliisambaza Afrika Mashariki yote, wakigawanyika katika vyama vya Marini na Arinoti. Waliokosa ngoma ya kiwandani walijitengenezea ya kufanana nayo, kwani beni isiyo na ngoma kubwa haikuhesabiwa kuwa beni.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1950, ilipopatikana plastiki ya polista, nyembamba na yenye nguvu, isiyojali mvua wala jua. Watu kadhaa nchini Marekani waliijaribu juu ya ngoma, na mwaka 1957 mpiga ngoma Remo Belli alianzisha kampuni ya kuitengeneza, ambayo jina lake bado limeandikwa juu ya ngozi nyingi madukani. Ndiyo maana siku hizi mtu akisema "ngozi ya besi" aghalabu ana maana ya plastiki, na katika makala hii nami nitaliacha neno hilo kama lilivyo vinywani mwa wapigaji.

AINA ZA NGOZI NA MAHALI PAKE

Afande alichora ardhini kwa kijiti, nami nikaandika. Nawapeni mgawanyo wake kama nilivyoupokea.

Kwanza, ngozi ya tabaka moja isiyo na pete. Hii ni plastiki moja tu, ambayo katika besi huwa na unene wa kama robo ya milimita. Huitika upesi hata kwa mguu mwepesi, nayo hulia kwa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba mlio hubaki ukielea, na katika chumba chenye paa la bati hugongana na kila kitu. Inapendwa na wanaopiga muziki wa polepole wa kumbi ndogo. Inafaa sana pia kwa uso wa mbele, usiopigwa.

Pili, ngozi ya tabaka moja yenye pete. Ni ile ile ya kwanza, ila ukingoni imeongezewa pete nyembamba ya plastiki au ya sponji. Milio mikali ya juu hukaa ukingoni mwa uso. Pete huizima hiyo na kuuacha mvumo wa katikati. Hivyo huhitaji blanketi.

Tatu, ngozi ya tabaka mbili. Plastiki mbili zimelazwa pamoja. Ni nzito, na kwa sababu ya uzito sauti yake ni ya chini na hukatika upesi. Ni imara na hudumu. Lakini hutaka mguu wenye nguvu. Mguu mwepesi ukiigusa, hunung'unika tu.

Nne, ngozi ya tabaka mbili yenye pete. Hii ni ya wale wanaopiga kwa nguvu nyingi na kutaka kishindo kifupi.

Ziko pia zilizopakwa rangi nyeupe yenye mkwaruzo na zilizo angavu kama kioo. Zenye rangi zina joto zaidi katika sauti. Zilizo angavu hutoa mgongo ulio wazi wa kirungu kinapogonga.

"Sasa, Mwalimu," akaniuliza, "wewe ungechukua ipi?"

Nikajibu upesi, kama mwanafunzi asiyesoma swali: ya nne, maana ndiyo nzito kuliko zote, na tunataka sauti ya chini.

"Umekwisha msahau mtoto," akasema. "Ukimwekea ile nzito, atapiga kwa jasho na haitaamka. Watasema tena mguu wake ni mwepesi, na safari hii watakuwa na ushahidi. Chukua ya pili kwa nyuma, ya kwanza kwa mbele, isiyo na tundu. Kisha legeza."

Nililikumbuka jambo hilo njia nzima. Ngozi huchaguliwa kwa ngoma, na huchaguliwa pia kwa mguu unaoipiga.

SAFARI YA KAMPALA

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya kikazi kwenda Kampala, ambako maduka ya ala ni mengi zaidi. Kabla ya kuondoka nilimpigia simu kijana anipimie ngoma. Akanijibu kwamba ina inchi 19 na nusu, basi labda nichukue ya 20. Nilishtuka, kisha nikamwuliza amepima wapi. Alikuwa amepima juu ya pete ya mbao inayobana ngozi. Hilo ni kosa la hasara kubwa, kwani duka halirudishi fedha kwa ngozi iliyofunguliwa. Kipimo sahihi ni cha mzinga wenyewe: ondoa pete na ngozi, weka futi ya fundi cherehani kutoka ukingo wa mzinga hadi ukingo wa pili, ukipita katikati kabisa. Alipopima upya ikawa 18 kamili.

Njiani basi lilisimama Mpambire, wilayani Mpigi, kijiji cha mafundi wa ngoma kando ya barabara ya Masaka, ambapo ngoma za kila umri zimepangwa kama familia inayosubiri kupigwa picha. Nilikuwa na dakika chache tu, lakini sikukosa la kujifunza. Fundi mmoja alikuwa akiwamba ngozi ya ng'ombe ikiwa bado mbichi kwa maji, akiivuta kwa kamba za ngozi hiyo hiyo, upande huu kidogo, upande wa pili kidogo. Ngoma kubwa hupewa ngozi ya ng'ombe iliyo nzito. Ile ndefu ya Kiganda iitwayo engalabi huwambwa ngozi nyembamba ya kenge, ili ilie juu. Mafundi hawa hawakusoma vitabu vya fizikia, lakini kanuni ya Afande ilikuwa pale pale: ngozi nzito kwa sauti ya chini, nyembamba kwa sauti ya juu, na kuvuta kwa zamu bila pupa.

Kampala nilizipata ngozi zote mbili. Bei yake ilinichoma kidogo, kwa kuwa ilitoka mfukoni mwangu, lakini ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya besi mpya.

NAMNA YA KUIFUNGA

Tuliifunga siku mbili kabla ya mkutano, mimi, kijana, na mzee wa Kirundi ambaye huwafundisha watoto wa makazi ngoma za kwao, zile ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Mzinga wa ngoma hizo huchongwa katika mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, yaani mti uipao ngoma sauti. Ndio huu huu ambao sehemu za Tanzania huitwa mringaringa. Mzee alikuja kutazama tu, lakini mikono yake haikutulia. Hatua tulizofuata ni hizi, nazo zinamfaa yeyote mwenye besi nyumbani:

Kwanza, toa kila kitu kilichomo ndani, kisha pangusa ukingo wa mzinga kwa kitambaa kikavu. Chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu mkao wa ngozi.

Pili, laza ngozi, weka pete, kaza skrubu zote kwa vidole tu mpaka zigome.

Tatu, chukua ufunguo. Usizunguke kwa mfululizo kama saa. Kaza skrubu moja nusu raundi, kisha ile inayoikabili upande wa pili, kisha nenda pembeni, hivyo hivyo mpaka zote zimeguswa.

Nne, kandamiza katikati ya ngozi kwa kiganja ili ikae. Endelea kidogo kidogo mpaka mikunjo itoweke. Mikunjo ikiisha, ongeza robo ya raundi kwa kila skrubu, basi. Hapo ndipo sauti ya chini ya ngoma ndogo inapokaa. Mimi nilikuwa nimepita hapo zamani sana siku ile ya aibu.

Tano, gonga kwa kidole karibu na kila skrubu na kusikiliza. Milio ikitofautiana, ile ya chini ipandishwe kidogo mpaka zilingane.

Sita, uso wa mbele ufungwe kwa namna hiyo hiyo, na ukazwe kuliko wa nyuma kidogo tu.

Saba, kirungu cha pedali kiwe cha sufu iliyoshindiliwa, si cha mbao. Cha kwetu kilikuwa cha mbao, tukakivika kipande cha blanketi ya zamani. Hilo ndilo blanketi lililobaki kazini.

Kijana alipokanyaga pedali mara ya kwanza, hakuna aliyesema neno. Haikuwa sauti ya besi ya inchi 22, nami sitawadanganya. Ilikuwa sauti ya mviringo, ya chini, yenye mwanzo na mwisho. Mzee wa Kirundi akaweka kiganja juu ya mzinga, akamwambia kijana, "Usiiombe ngoma ya mtoto sauti ya babu yake. Iombe sauti yake yenyewe."

MKUTANO

Siku ya mkutano kijana alipiga nyimbo mbili pamoja na wenzake. Mwenyekiti alisimama mlangoni, kisha akatoka nje mpaka chini ya mti, kisha akarudi. Akasema kwamba ndani ya kanisa sauti inatosha, lakini uwanjani, kwenye sherehe kubwa, bado haitafika mbali. Alisema kweli. Ngoma ndogo hubaki ndogo, na uwanjani itahitaji kipaza sauti, au ngoma za mzee wa Kirundi zisimame pembeni yake. Lakini hilo halikuwa tena jambo la kufungua sanduku. Shauri la kununua besi likaahirishwa, na hakuna aliyelitaja tena neno "mguu mwepesi".

Mama yule hakunishukuru kwa maneno mengi. Aliurudisha ufunguo wake katika pindo la kitenge, akalifunga fundo.

Watu wa Ankole wataelewa nikisema kwamba nilikumbuka Bagyendanwa, ngoma ya ufalme wao hadi falme zilipofutwa mwaka 1967. Ngoma hiyo ilikuwa na ng'ombe wake na maziwa yake, na mtu aliyefikwa na msiba, kama vile kupoteza mifugo yake, aliweza kwenda kwake kuomba msaada. Kwa watu wale, ngoma ndiyo iliyowatunza wenye shida. Sisi Nakivale tulikaribia kuigeuza desturi hiyo juu chini, wenye shida waitunze ngoma.

Baada ya mkutano ule hazikupita wiki tano kabla ya sanduku kufunguliwa kwa funguo zote tatu. Mama mmoja Mrundi alikuwa katika uchungu tangu jana yake, na gari la kumkimbiza hospitali ya Mbarara lilitaka malipo usiku huo huo. Fedha zilikuwapo. Mtoto ni wa kike, na wote wawili wazima.

Basi, ewe mzazi, kijana wako akikuambia kwamba besi hailii, usikimbilie kumlaumu wala kununua. Muulize maswali ya Afande: ina upana gani, ndani mna nini, na ni nani anayeipiga. Kisha mpe ngozi iifaayo ngoma na mguu wake, na umkataze kuikaza kupita kiasi. Akibisha, mwambie habari za mwandishi wa safu hii.